Mvua ya Ungo

Miaka sita nilikuwa mvua.
Ukumbi wa parokia, Mpwapwa, nyuma ya pazia la kaniki,
nimepiga magoti juu ya gunia, ungo mikononi,
vibaba viwili vya uwele,
konzi ya choroko kwa matone makubwa.
Yustina akifika ubeti wa tatu, ule wa "Njoo hata kwa deni,"
nilianza pembeni mwa ungo,
chembe moja, chembe mbili,
mpaka ngoma za muheme zikaitika
na wa viti vya mbele wakajifunika khanga kichwani.
Walijifunika kweli. Niliwaona kwenye tundu la pazia.
Mwezi wa kumi. Nje vumbi, mbuzi anatafuna karatasi.

Wakaja watu wa filamu, magari manne.
Mwongozaji, Ladislaus Chedego, kijana mpole,
aliusoma mchezo wetu kwa kalamu nyekundu.
Nyimbo kumi na saba zikabaki tano.
"Jukwaani mtu anaiimba njaa," alisema,
"kwenye filamu njaa inaonekana. Nitapiga picha ghala."
Nikamuuliza, ghala tupu linalia vipi?
Akaandika kitu. Sijui aliandika nini.

Yustina akapewa kuwa jirani anayezoa majivu.
Nafasi yake akapewa msichana mwenye shingo nzuri,
aliyejifunza Kigogo kwa wiki mbili,
akakitamka kama mtu anayekanyaga mbigili.
Yustina ndiye aliyemfundisha,
jioni, amekalia ndoo iliyopinduliwa:
"Si koo, mwanangu, ni tumbo.
Liitie pale utakapobebea mimba."
Zaidi ya hapo hakusema.
Ila siku zile alianza kunywa chai bila sukari.

Na mvua?
Mvua waliiagiza.
Maboza mawili kutoka mjini, lita elfu ishirini,
mpaka Chipanga, ambako kisima kina kufuli
na ufunguo una mwenyekiti.
Chedego akainua mkono. Mpira ukakohoa.
Maji yakapanda, yakapasuka, yakashuka,
na kwa pumzi moja hakuna aliyeigiza.
Msichana alisahau wimbo.

Halafu bibi mmoja akaingia kwenye picha na sufuria.
Nyuma yake ndoo, madumu, beseni la maua la harusi,
mtoto na kikombe cha uji wa shule.
"Kata! Kata!"
Watu wanakinga.
"Jamani, kata!"
Wanakinga.
Chedego akavua kofia, akaitazama kofia.
Mpiga picha hakuzima.
Bei ya maji yale niliambiwa baadaye. Siisemi,
mwenye ufunguo asije akasikia.

Mwezi wa pili, simu.
Mvua ya boza, wakasema, kwenye spika
inalia kama vitumbua kwenye mafuta. Njoo na ungo.
Chumba Dodoma, Area C, magodoro yamegongwa ukutani,
feni imezimwa isisikike.
Nikapiga magoti mbele ya kioo kikubwa,
na humo ndani bibi anakinga, anakinga,
kimya kabisa.
Nikamnyeshea.
Chembe moja. Chembe mbili.
Kwa sufuria yake nikatia choroko zaidi.
Yustina hawakumwita. Ubeti wake, ule waliofuta,
niliuimba moyoni, nijue pa kuzidisha.

Jasho lilinidondoka kwenye ungo, hawakulisikia,
au walilisikia wakaliacha.

Nikarudi Mpwapwa na basi la saa nane,
uwele mapajani, umechubuka, hauwezi tena kunyesha.
Nikampelekea Yustina. Hakuniuliza kitu.
Akautwanga, akausaga, akasonga,
tukakaa na mlenda katikati yetu.
Akamega tonge, akatafuna polepole
kama mtu anayetafuta noti iliyopotea.
"Mvua yenu ina chumvi," akasema.
Akanisogezea bakuli.